Akiba ya Masomo ya Mtoto: Ni Nani Apokeaye?

Nyumba nyingi za wasomaji wetu zina mtu wao Kanada: ndugu, shangazi, au kijana aliyekwenda kusoma akaoa huko huko. Wako waliofika zamani, kama wale Waasia wa Uganda waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 wakapokelewa huko kwa maelfu. Na wako waliofika juzi tu kutoka Kongo, Burundi na Somalia. Wote hao, azaliwapo mtoto, huambiwa na majirani neno moja: mfungulie akiba ya masomo, kwani serikali huitilia nyongeza. Nao huifungua. Miaka kumi na minane hupita, fedha zikaongezeka, mtoto akapata nafasi ya chuo kikuu. Hapo ndipo lizukapo swali ambalo lingalifaa kuulizwa siku ya kwanza: fedha hizi zikitoka, zamwendea nani?

Baba husema: ni zangu, mimi ndiye niliyekatwa mshahara kila mwezi. Mtoto, ambaye sasa ana ndevu, husema: jina lililoandikwa ni langu. Mama, ikiwa ndoa imevunjika, husema: mtoto yuko kwangu, basi na mali yake iwe kwangu. Na baba akifa, huenda ami zake wakasimama wakasema kwamba yote hayo ni mirathi. Kila mmoja ana sehemu ya haki katika asemayo, wala hapana hata mmoja aliye na haki yote. Ndiyo sababu tumeona jambo hili lifaa kuandikwa kwa kituo.

Mpango wenyewe waitwa Mpango wa Akiba ya Elimu Ulioandikishwa, na watu wa huko huufupisha kwa herufi RESP. Ufunguliwapo katika benki au kampuni ya kuweka fedha, hutajwa watu wawili. Wa kwanza ni yule afunguaye na kuweka fedha, nasi tutamwita mfunguzi. Wa pili ni mtoto ambaye kwa ajili yake akiba yawekwa. Watu wengi hudhani kwamba huyu wa pili ndiye mwenye mali, na hapo ndipo mwanzo wa fitina. Jina la mtoto katika karatasi laonyesha akiba ni ya kusudi gani. Halionyeshi kwamba mtoto aweza kwenda benki akazitoa.

Msomaji na afikiri mtungi mmoja uliotiwa maji ya visima vitatu. Ukiutazama kwa juu waona maji tu. Lakini sheria yakumbuka kila tone lilitoka kisima gani, na kila kisima kina mtu wake wa kunywa.

Kisima cha kwanza ni fedha alizoweka mfunguzi mwenyewe. Hizi alikwisha zilipia kodi ya mapato kabla ya kuziweka, wala hakupunguziwa kodi kwa sababu ya kuziweka. Kwa hiyo zitokapo hazitozwi kodi tena, na mwenye haki ya kurejeshewa ni yeye aliyeziweka. Akipenda aweza kuagiza apewe mwanafunzi, lakini hilo ni hiari yake. Mwisho wa fedha ziwezazo kuwekwa kwa ajili ya mtoto mmoja ni dola 50,000 katika maisha yake yote, hata ikiwa waliomfungulia ni watu watatu katika benki tatu.

Kisima cha pili ni ruzuku ya serikali, iliyoanza mwaka 1998. Kila mwaka serikali hutia asilimia 20 ya dola 2,500 za kwanza zilizowekwa, yaani dola 500, mpaka jumla ifike dola 7,200 kwa mtoto mmoja. Mwaka uliopita bila ya kuwekwa kitu waweza kulipizwa baadaye, lakini kwa kiasi. Nyumba zenye kipato kidogo hupata zaidi. Tena iko zawadi nyingine ya serikali kwa watoto wa nyumba hizo waliozaliwa tangu mwaka 2004: dola 500 za kwanza, kisha dola 100 kila mwaka wenye haki mpaka mtoto afike miaka 15, jumla isizidi dola 2,000. Hii haimtaki mzazi aweke hata senti moja. Yatosha afungue mpango na kuomba. Tunasikitika kusema kwamba familia nyingi zenye haki hiyo hazijaiomba, na wageni wapya ndio wanaoihitaji zaidi.

Kisima cha tatu ni chumo, yaani faida iliyozaliwa na fedha hizo zote zilipokuwa zimekaa. Muda wote zikiwa ndani ya mpango, chumo halikutozwa kodi. Kodi yangoja mlangoni, nayo humshika yule apokeaye. Hapa swali letu la ni nani apokeaye hupata uzito wake, kwani kubadili mpokeaji ni kubadili kodi.

Natutoe mfano. Bwana Fulani wa Toronto amemfungulia binti yake mpango, akaweka kidogo kidogo mpaka zikafika dola 36,000. Serikali ikamtilia ruzuku yote, dola 7,200. Tuseme chumo ni dola 20,000. Mtungi una dola 63,200. Binti ametimiza miaka 18 na amekubaliwa katika chuo kikuu.

Sasa, dola 36,000 ni haki ya Bwana Fulani. Maadamu binti yumo chuoni, aweza kuzitoa zote siku moja, akazitumia kwa ada au akazitia mfukoni, wala hapana atakayemdai kodi. Lakini zile 27,200 zilizobaki, yaani ruzuku pamoja na chumo, zina njia moja tu ya halali iliyo nyepesi, nayo ni kumwendea mwanafunzi. Watu wa kodi huziita malipo ya msaada wa elimu. Huhesabiwa kuwa ni mapato ya binti, si ya baba. Mwisho wa mwaka hati ya kodi, iitwayo T4A, huja kwa jina la binti, hata ikiwa fedha hazikupita mkononi mwake bali zililipwa moja kwa moja kwa chuo kwa niaba yake. Nasi twawaonya vijana: hati hiyo si karatasi ya kutupwa. Ni lazima iingizwe katika hesabu ya kodi ya mwaka.

Kwa nini sheria ikamchagua mwanafunzi? Kwa sababu mwanafunzi ni maskini, na sheria yataka umaskini wake umfae. Katika mwaka 2024 mtu wa Kanada aliweza kuondolewa kodi ya serikali kuu juu ya dola 15,705 za kwanza za mapato yake. Binti aliyepokea dola 8,000 kutoka katika mpango na kupata dola 6,000 kwa kazi ya likizo hakufika kiasi hicho, basi hakulipa kitu. Dola zile zile 8,000 zingalihesabiwa juu ya mshahara wa baba yake, huenda theluthi yake ingalikwenda.

Kiasi cha mwanzo kina mpaka. Katika majuma 13 ya kwanza mwanafunzi wa mchana kutwa hawezi kupokea zaidi ya dola 8,000 za ruzuku na chumo. Kabla ya bajeti ya mwaka 2023 mpaka huo ulikuwa dola 5,000. Yule asomaye nusu ya wakati mpaka wake ni dola 4,000 kwa kila majuma 13. Majuma hayo ya kwanza yakiisha, yule wa mchana kutwa hufunguliwa mlango. Wala fedha si za ada peke yake: kodi ya chumba, chakula, vitabu, basi la kwendea chuoni, mashine ya kuandikia, yote haya ni mahitaji ya masomo.

Tumefika mahali ambapo panaumiza watu zaidi ya kodi. Apokeaye ni mwanafunzi, lakini aombaye ni mfunguzi. Benki haitoi kitu mpaka mfunguzi aagize na ushahidi wa kuandikishwa chuoni uletwe. Binti hawezi kwenda peke yake dirishani akasema nipeni changu. Baba akikataa kutia sahihi, fedha zakaa. Baba akitaka kumwondoa binti na kumtaja mwanawe mwingine mahali pake, kwa masharti fulani aweza. Na akizitaka dola zake 36,000 kwa kununua gari wakati binti yumo darasani, sheria haimzuii.

Yako masikitiko mengi ya namna hii katika miji ya watu wetu huko. Kijana alitakiwa asome udaktari, akachagua uchoraji wa majengo. Baba akafunga mkono. Sisi hatusemi kwamba mzazi hana haki ya kuwa na rai juu ya masomo ya mwanawe. Lakini mtu aliyemwambia mtoto tangu akiwa na miaka mitano kwamba hizi ni zako za kusomea, amempa ahadi. Na mtoto huyo huenda akaacha kuomba msaada mwingine, au akachagua chuo cha ghali, kwa kuitegemea ahadi hiyo. Ikiwa mzazi ana masharti, ayaseme mapema, mtoto akiwa na miaka 14 au 15, ili ajue anasimama juu ya nini. Kumwonyesha karatasi ya benki kila mwaka, na kumfahamisha visima vitatu hivi, hakumpunguzii mzazi heshima. Zaidi huzuia yale ya mtoto kudhani kwamba baba ameficha dola 63,000 zake, hali 36,000 ni za baba mwenyewe.

Upande wa pili nao upo. Kijana aliyepokea fedha katika hesabu yake ya benki ni mtu mzima, na mzazi hana mkono wa kuzirudisha. Wako wazazi wanaotaka zilipwe kwa chuo moja kwa moja, na yawezekana benki ikikubali. Twaona ni vema kwa mwaka wa kwanza, mpaka kijana azoee kushika hesabu.

Juu ya utaratibu wa kutoa, liko jambo dogo lenye faida kubwa. Watu wengi huanza na fedha za kisima cha kwanza, kwa kuwa hazina kodi. Tukitazama vizuri, huo ni mtego. Fedha za mfunguzi hazipotei. Hata masomo yakikatika zitarudi kwake. Ruzuku ndiyo inayoweza kupotea, kwani mwanafunzi akiacha chuo na asirudi, ruzuku iliyobaki hurejea serikalini. Basi inafaa kuanza na ruzuku na chumo katika miaka ambayo mapato ya kijana ni madogo, na kuziacha fedha za mzazi nyuma. Na ikiwa kijana ameacha masomo, asikate tamaa siku hiyo hiyo: kwa miezi 6 baada ya kuacha bado aweza kulipwa kwa ajili ya masomo aliyokuwa nayo.

Je, akiwa hakusoma kabisa? Wako watoto wema, wenye akili na bidii, ambao chuo si njia yao, wala hilo si msiba. Lakini kwanza msomaji ajue kwamba neno elimu hapa ni pana. Kozi nyingi za ufundi, za umeme, za mabomba, za uuguzi, za kutengeneza nywele, zaingia humo maadamu chuo chatambuliwa. Pili, asifanye haraka. Mpango waweza kukaa wazi mpaka mwisho wa mwaka wa 35 tangu kufunguliwa. Kijana asemaye akiwa na miaka 18 kwamba amechoka na vitabu, huenda akiwa na miaka 25 akavirudia kwa miguu yake. Tatu, ikiwa ana ndugu, akiba yaweza kuelekezwa kwa ndugu huyo kwa masharti, na ruzuku ikamfaa maadamu haipiti mpaka wake wa dola 7,200. Ile zawadi ya nyumba za kipato kidogo, hata hivyo, haihami. Ni ya mtoto aliyeitiwa, na kama hakuitumia hurudi ilikotoka.

Ikiwa hapana ndugu wala matumaini, mtungi humwagwa hivi. Dola 36,000 hurudi kwa Bwana Fulani bila ya kodi. Dola 7,200 hurudi serikalini. Dola 20,000 za chumo hupewa Bwana Fulani mwenyewe, na hapa ndipo kodi inapouma: hutozwa kwa kiwango chake cha kawaida, na juu yake huongezwa asilimia 20 (Quebec ina hesabu yake). Tuseme kiwango chake ni asilimia 30; basi nusu yote, dola 10,000, imekwenda. Aweza kujiokoa kwa kulihamisha chumo, mpaka dola 50,000, katika akiba yake ya uzeeni, ikiwa humo mna nafasi. Na hata hayo hayawi ila mpango uwe umefikia miaka 10, na mtoto awe ametimiza 21 na hasomi.

Sharti moja zaidi lawahusu sana watu wetu. Ili apewe chumo hilo, mfunguzi awe ni mkaazi wa Kanada wakati wa kupewa. Mzee aliyestaafu akauza nyumba yake ya Toronto na kurudi Tanga au Lamu, akidhani mpango utamngoja, atarudishiwa fedha alizoziweka kwa mkono wake, lakini chumo hatalipata. Laweza kuishia kupewa chuo cha huko Kanada. Mwenye nia ya kurudi nyumbani atazame mpango huo kabla ya kukata tiketi.

Tutaje pia shida ya katikati ya safari. Mtoto ana miaka 10, na huku nyumbani pameanzwa msingi wa nyumba, au mama amelazwa hospitali. Bwana Fulani atoa dola 5,000 katika zile alizoweka. Ni zake, na kodi hapana. Lakini kwa kuwa hapana mwanafunzi chuoni, benki hurudisha serikalini ruzuku iliyoletwa na fedha hizo, yaani dola 1,000. Ugonjwa wa mama haungoji, na mtu afanye lililo lazima. Ila yule atoaye kwa ajili ya harusi ya kifahari ajue kwamba aliyelipia karamu ni mtoto wake.

Iko mipango mingine iitwayo ya kundi, ambayo mawakala huipeleka mlango kwa mlango kwa wageni wapya, aghalabu kwa lugha yao wenyewe. Humo chumo la watoto wa umri mmoja huchanganywa, na asiyekwenda chuo chumo lake hugawiwa wenzake waliokwenda. Ada ya kuingia hukatwa mapema, na mtu ashindwaye kulipa katika miaka ya mwanzo huondoka na pungufu. Hatusemi ni haramu wala ni udanganyifu, lakini swali la ni nani apokeaye lina jibu jingine kabisa huko: huenda apokeaye akawa ni mtoto wa mtu usiyemjua. Asomaye mkataba na amsomee mkewe kwa sauti kabla ya kutia sahihi.

Na tumetaja mke, basi tuseme juu ya talaka. Mume na mke waweza kufungua mpango kwa pamoja, na hapo wote wawili ni wafunguzi, na sahihi za wote zatakiwa. Zamani waliokwisha achana hawakuweza kufungua kwa pamoja. Tangu mwaka 2023 wameruhusiwa. Lakini katika nyumba zetu aghalabu mpango huwa kwa jina la baba peke yake, hata ikiwa nusu ya fedha ni za cherehani ya mama. Ndoa ikivunjika, mama huyo, akiwa anamlea mtoto peke yake, hana neno mbele ya benki. Dawa yake ni mbili: kuandika majina mawili tangu mwanzo, au, kama yamekwisha tokea, kuhakikisha kwamba hukumu ya mahakama au mapatano ya maandishi ya kugawana mali yautaja mpango huo kwa jina na kusema haki za mfunguzi zamwendea nani. Mapatano ya mdomo mbele ya wazee ni mazuri kwa nyoyo, lakini benki haiyajui.

Mauti ndiyo yaletayo ugomvi mkubwa kuliko talaka. Mfunguzi akifa peke yake, bila ya mwenziwe katika karatasi, mpango haumwangukii mtoto. Haki za mfunguzi zaingia katika mali ya marehemu, na msimamizi wa mirathi aweza kulazimika kuufunga na kugawa fedha alizoweka marehemu kwa warithi wote. Ikiwa marehemu aliandika wasia ukimtaja mtu wa kushika nafasi yake katika mpango, waweza kuendelea kama ulivyokuwa.

Kwa Mwislamu hapa pana swali la zaidi, nalo si la benki. Je, fedha zile alizoziweka alikwisha mpa mtoto, au alikuwa akijiwekea mwenyewe kwa nia ya kumsomesha? Zikiwa ni hiba iliyotimia, si katika tarika yake. Zikiwa ni zake, wana haki humo mke, wazazi wake na watoto wake wote kwa mafungu yao, na wasia kwa mrithi mmoja hauwapunguzii wengine bila ya ridhaa yao. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, hawaihesabu hiba kuwa imetimia ila kwa kukabidhiwa. Baba kwa mtoto mdogo aweza kumshikia. Lakini warithi nao wataonyesha ile karatasi ya benki isemayo kwamba marehemu aliweza kuzitoa siku yoyote apendayo. Hoja hii haiwezi kukatwa katika gazeti. Twasema tu kwamba maneno matatu yaliyoandikwa na mtu akiwa hai, yenye tarehe na mashahidi, kwamba hizi nimempa mwanangu, au hizi ni zangu, yangewapunguzia wajane na mayatima safari nyingi za mahakamani. Na atakayeuliza juu ya zaka, ajue kwamba lazima aanze na swali hilo hilo la mali ni ya nani, kisha amwendee mwanachuoni wake.

Juu ya riba pia watu huuliza. Mpango wenyewe ni chombo tu. Mfunguzi ndiye achaguaye kitiwe nini, amana ya benki yenye riba au hisa za makampuni. Basi hukumu itafutwe juu ya kile kilichotiwa.

Mara moja tu katika mambo haya mikono miwili huwa ni mkono mmoja. Kijana wa nyumba ya kipato kidogo, ambaye wazazi wake hawakumfungulia kitu, aweza akifika miaka 18 kujifungulia mpango mwenyewe na kuiomba ile zawadi aliyostahili tangu utotoni, mradi afanye hivyo kabla ya kutimiza miaka 21. Huyo ni mfunguzi na ni mwanafunzi, huomba na hupokea, wala hahitaji sahihi ya mtu. Mwenye mpwa au jirani wa umri huo na ampelekee habari hii.

Tumalizie na wale wanaouliza huku nyumbani. Bibi aliyeko Mombasa hawezi kumfungulia mjukuu wake mpango, kwani mfunguzi hutakiwa kuwa na namba ya bima ya jamii ya Kanada. Aweza kumpa mzazi fedha, naye akaziweka, na hapo mbele ya benki mfunguzi ni mzazi. Na kijana wa Kanada atakaye kuja kusoma Dar es Salaam, Nairobi au Makerere, akiba yake yaweza kumfuata. Chuo kikuu cha nchi za nje hukubaliwa ikiwa kozi ni ya mchana kutwa na yaendelea majuma 3 au zaidi bila ya kukatika. Vyuo vingine vya juu hutakiwa majuma 13. Ila ruzuku ya serikali haitolewi kwa mwanafunzi ambaye si mkaazi wa Kanada tena. Aliyekuja kwa masomo tu, nyumba yao ikiwa bado iko huko, aghalabu huhesabiwa kuwa ni mkaazi. Aliyehama moja kwa moja na wazazi wake atapewa chumo na fedha za baba, na ruzuku itabaki huko. Barua ya kukubaliwa kutoka chuoni ipelekwe benki mapema, ikiwa na tarehe ya kuanza na muda wa kozi, kwa kuwa benki nyingi hazivijui vyuo vya huku kwa majina, na majibu yao huchukua majuma kadhaa.